Kujitambulisha Lubumbashi: mwongozo kamili kwa msemaji wa Kiswahili anayehamia mjini hapa

Mtanzania, Mkenya au Mrundi anayehamia Lubumbashi kwa ajili ya kazi, biashara au masomo huja na faida ambayo wageni wengine wengi hawana, kwa kuwa lugha ya sokoni, ya nyumbani na ya mtaani anaifahamu tayari. Faida hiyo hiyo ndiyo inayomponza. Kwa kuwa anaelewana na kila mtu tangu siku ya kwanza, hudhani kwamba hana la kujifunza, akajieleza vile vile kama anavyojieleza Dodoma au Mombasa. Watu humsikiliza kwa heshima, humjibu kwa adabu, kisha miezi inapita bila mtu kumbishia hodi. Mimi ni mkazi wa mji huu, na nimewaona wageni wengi wakikaa wapweke katikati ya watu wakarimu kwa sababu hii tu. Hapa nitaeleza hatua kwa hatua namna ya kutaja jina, asili, kazi, na hasa mambo unayoyapenda, maana jina na kazi humpatia mgeni majirani, lakini anayoyapenda, yakisemwa vizuri, ndiyo yanayompatia marafiki.

Kwanza, ujue unaingia katika mji wa namna gani

Lubumbashi ni makao makuu ya mkoa wa Haut-Katanga, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mji ulianzishwa mwaka 1910, wakati reli ilipofika kutoka kusini, ukaitwa Élisabethville mpaka mwaka 1966 ulipopewa jina la sasa. Uliota juu ya shaba: kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilikusanya wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda, Burundi, Zambia ya leo na vijiji vya Katanga yenyewe (mkoa wa zamani, ambao Haut-Katanga ni sehemu yake), ikawaweka katika kambi zake, na Kiswahili kikawa lugha ya kazi na ya maisha kati ya watu hao ambao hawakuwa na lugha nyingine ya pamoja. Mwaka 1967 mali za kampuni hiyo zilichukuliwa na serikali, ndipo ikazaliwa kampuni ambayo baadaye iliitwa Gécamines.

Ninaanza na historia hiyo kwa sababu inaeleza jambo utakalokutana nalo kila siku. Karibu kila familia mjini ina babu au bibi aliyetoka mahali pengine, kwa hiyo swali la mtu ametoka wapi lina uzito wake, na watu wamezoea kupokea wageni kupitia kazi. Mtu wa Lubumbashi hushangazwa kidogo sana na ugeni wako. Anachotaka kujua ni unaishi na nani, unafanya nini, na je, upo hapa kwa muda mrefu au unapita tu njiani kuelekea mpakani Kasumbalesa kama madereva wa malori ya Dar es Salaam.

Hatua ya kwanza: chagua lugha kufuatana na mahali

Kongo ina lugha nne za taifa, yaani Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba cha Kasai kinachoitwa Tshiluba, lakini lugha rasmi ni Kifaransa. Ofisini, benki, chuoni na kwa daktari, mtu hujitambulisha kwa Kifaransa, hata kama wote waliomo wataendelea kwa Kiswahili dakika moja baadaye. Kwa hiyo jifunze kwa moyo sentensi tatu na uzitamke bila kusita: «Bonjour. Je m'appelle Asha Bakari. Je viens de Tanzanie et j'habite à la Katuba», yaani hujambo, naitwa Asha Bakari, natoka Tanzania na ninaishi Katuba. Ukimaliza hapo, omba ruhusa ya kuendelea kwa Kiswahili. Mgeni anayeanza na Kiswahili moja kwa moja mbele ya mkuu wa ofisi hatukanwi, ila huonekana kama mtu aliyeingia sebuleni bila kubisha hodi. Na yule anayeng'ang'ania Kifaransa kibovu sokoni huonekana anajitenga na watu.

Mtaani, sokoni, kanisani na uwanjani tumia Kiswahili. Hakuna anayetazamia uzungumze kama mwenyeji, na Kiswahili chako cha Tanzania au cha pwani kitapendwa, wengine watakisifu waziwazi kuwa ni «Kiswahili bora». Usiipokee sifa hiyo kama ruhusa ya kuwasahihisha watu. Kiswahili cha Lubumbashi kina kanuni zake na wasemaji wake wanazishika barabara: wanasema «jina yangu», «bantu», «mutoto», «muzuri», na mwenye kusema «mimi» hutumia «mi-» mwanzoni mwa kitenzi, kwa mfano «minatoka», «minajua». Ukikaa miezi michache utajikuta unasema hivyo mwenyewe, na hilo litafurahisha watu kuliko sifa yoyote utakayowapa.

Yapo maswali mawili ambayo ni lazima uyatambue mapema, kwa sababu yatakujia katika mazungumzo ya kwanza kabisa. «Unaikala wapi?» maana yake ni unaishi wapi. «Unatumika wapi?» maana yake ni unafanya kazi wapi, na nimewahi kuona mgeni akinuna kwa kudhani anaulizwa ni nani anayemtumia.

Hatua ya pili: salamu kabla ya jina

Neno «jambo», ambalo pwani limeachiwa watalii, hapa ni salamu ya kweli ya watu wazima. «Jambo, mama», «jambo, baba», «jambo, yaya» kwa dada au kaka mkubwa: hayo yanatosha kuanzia asubuhi hadi jioni. Mtu aliyekuzidi umri usimwite kwa jina lake hata kama amekutajia; mwite baba au mama, na kama ana mtoto mkubwa unayemfahamu, mwite baba fulani au mama fulani. Mkono wa kuume ndio unaotolewa, na mbele ya mzee shika kiwiko cha mkono huo kwa mkono wa kushoto. Wanaume waliozoeana hugusanisha vipaji vya nyuso, upande mmoja kisha wa pili. Subiri mwenyeji akuanze yeye.

Uliza habari za nyumbani, ngoja jibu, kisha utaje jina. Salamu ya haraka inayofuatwa palepale na jina, kazi na ombi humfanya mtu ajiulize unamtaka nini.

Hatua ya tatu: jina, na taabu ya fomu zenye nafasi tatu

Katika maandishi rasmi ya Kongo jina la mtu huwekwa katika nafasi tatu zenye mpangilio maalumu: «nom», «postnom» na «prénom». Mpangilio huo ulishika mizizi baada ya mwaka 1972, serikali ya Mobutu ilipowataka raia waache majina ya Kikristo ya kigeni na kuchukua ya asili. Majina ya ubatizo yalirudi baadaye na kupata nafasi yake ya mwisho. Mtanzania mwenye jina lake, la baba na la babu huchanganyikiwa hapa, akaandika kila fomu kivyake, na karatasi zake zikawa kama za watu watatu.

Fuata pasipoti yako. Jina la ukoo lililomo katika pasipoti liandike katika «nom», jina lako mwenyewe liandike katika «prénom», na la katikati liweke katika «postnom». Asha Juma Bakari ataandika Bakari, Juma, Asha, na ataandika hivyo hivyo idara ya uhamiaji, benki, kwa mwajiri na hospitali. Matokeo yake ni kwamba ofisini wataanza kumwita Bakari, kwa kuwa huku mtu huitwa kazini kwa «nom» lake. Kama unapenda kuitwa Asha, liseme hilo siku ya kwanza kwa upole, maana wiki ya tatu jina litakuwa limeshaganda.

Mtaani mambo ni mepesi zaidi: «Jina yangu Asha.» Litamke polepole, ulirudie mara moja, kisha uulize la mwenzako na ulitumie kabla ya kuagana.

Hatua ya nne: sema unatoka wapi, na usimuulize mwenzako kabila

Anayetoka Kenya ana tahadhari ya pekee. Lubumbashi ina komini saba, yaani sehemu za utawala wa mji, nazo ni Lubumbashi, Kampemba, Kamalondo, Kenya, Katuba, Ruashi na Annexe. Ukisema tu «natoka Kenya», msikilizaji ataelewa kwamba umetoka katika komini ya Kenya, penye soko kubwa, na atashangaa kwa nini unajiita mgeni. Sema «minatoka inchi ya Kenya, ku Nairobi», na jambo litakuwa wazi. Mtanzania hana shida hiyo, lakini atazamie kuulizwa mara moja kuhusu Dar es Salaam, kwa sababu bidhaa nyingi za maduka ya mji huu zimepitia bandari hiyo. Jiandae kueleza kama wewe ni mtu wa Dar au wa mkoa mwingine, na kama hufanyi biashara ya mizigo liseme mapema, la sivyo utapewa maagizo ya vitenge na simu kabla hujapata kiti.

Ni vizuri pia kutaja jambo moja linalounganisha kwenu na hapa. Tangu mwaka 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ila katika mazungumzo ya uani habari ya mipaka na mikataba haimsogezi mtu. Kinachomsogeza ni kusema kwamba kwenu nako mnakula ugali, ambao huku unaitwa bukari, na kwamba unatamani kuonja sombe, yaani kisamvu, ya hapa.

Sasa nasisitiza jambo moja ambalo mgeni hulikosea kwa nia njema. Usimuulize mtu kabila lake katika siku za kwanza, wala usibashiri kutokana na jina lake. Katanga ilijitenga na Kongo kuanzia Julai 1960 hadi Januari 1963 chini ya Moïse Tshombe. Miaka ya 1992 na 1993 watu wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika mkoa huu, familia zikatenganishwa, na wapo wazee wanaoishi nyumba jirani ambao walikuwa pande mbili za mambo hayo. Swali ambalo Arusha huulizwa kwa kucheka, hapa linaweza kuonekana kama unataka kumpanga mtu upande fulani. Akikutajia mwenyewe kwamba ni Msanga, Mluba, Mbemba au Mlamba, pokea kwa furaha na umuulize kuhusu kijiji au chakula, asipotaja, liache.

Hatua ya tano: kwenye lupango na kwa kiongozi wa mtaa

Lupango ni kiwanja chenye uzio ambamo nyumba moja au kadhaa hukaa pamoja, na wapangaji wa lupango moja hutumia bomba moja, kamba moja ya nguo na mara nyingi mita moja ya umeme. Ukihamia, usingoje wakufuate. Siku ya kwanza jioni, kabla giza halijaingia, pita mlango kwa mlango. Unaanza kwa mwenye lupango au kwa mama mkubwa kuliko wote, hata kama mlango wake ndio wa mwisho, kisha unarudi kwa wengine. Maneno yenyewe ni mafupi:

«Jambo, mama. Habari ya jioni? Jina yangu Asha, minatoka Tanzania, mu muji ya Mbeya. Niko mwalimu, minatumika ku shule. Nimefika leo, ile nyumba ya mulango wa kijani. Niko peke yangu kwa sasa, mume yangu atafika mwezi ujao. Nimekuja tu kusalimia na kuuliza namna munachota maji hapa.»

Tazama sentensi ya mwisho. Swali kuhusu maji linamfanya mama asimame, akuoneshe bomba, akwambie ni siku zipi maji hayatoki na nani huanza kuchota alfajiri, na wakati anakueleza hayo wenzake wawili watakuwa wametoka kutazama. Utambulisho wako utakuwa umefanyika kwa watu watatu kwa kumuuliza mmoja. Mgeni anayesema tu «karibuni kwangu» na kufunga mlango, ingawa amesema maneno ya adabu, amewaachia watu kazi yote.

Habari ya mume au mke, watoto na anayekuja baadaye iseme bila kuulizwa. Huku si udadisi mbaya kutaka kujua mtu anaishi na nani. Ni sehemu ya usalama wa lupango, na asiyesema hutungiwa.

Kesho yake au keshokutwa nenda kwa kiongozi wa kartie, yaani mtaa, ukiwa na nakala ya pasipoti na viza. Mweleze jina lako, nyumba unayokaa, mwenye nyumba na mwajiri wako. Nenda na mwenye lupango ikiwezekana, kwa sababu neno lake moja lina nguvu kuliko karatasi zako zote.

Hatua ya sita: kueleza unayoyapenda

Hapa ndipo wageni wengi huharibu, na ndipo ninapotaka kukaa zaidi. Mtu akiulizwa anapenda nini, hutoa orodha: kusoma, kusafiri, muziki, michezo. Orodha kama hiyo haimpi mwenyeji pa kushika, kwa sababu kila mtu duniani anapenda muziki. Utambulisho wa mapendeleo una sehemu tatu, nazo zikitimia huwa sentensi mbili tu: jambo lenyewe kwa jina lake mahususi, namna ulivyokuwa ukilifanya kwenu, na ombi la kuoneshwa linapofanyika hapa. «Kwetu nilikuwa naimba sauti ya tatu katika kwaya ya kanisa, hapa kwaya inafanya mazoezi siku gani?» Mtu aliyeulizwa hivyo hawezi kujibu kwa «ndiyo, ni vizuri» tu, itambidi ataje siku, ataje jina la kiongozi wa kwaya, na mara nyingi atasema atakupitia mwenyewe.

Kiswahili cha hapa kina namna nzuri ya kueleza mazoea, nayo ni kuongeza «-ka» mwishoni mwa kitenzi: «minaimbaka», «minachezaka mupira», «minasomaka sana». Itumie. Inaonesha kwamba unasema juu ya jambo unalolifanya siku zote, wala si tamaa ya siku moja.

Kuhusu mpira, jiandae vizuri, kwa sababu ukitamka kwamba unapenda soka utaulizwa palepale: Mazembe au Lupopo? Tout Puissant Mazembe, timu ya nyeusi na nyeupe iliyoanzishwa mwaka 1939, imetwaa ubingwa wa Afrika wa klabu mara tano, miaka ya 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015, na mwaka 2010 ilifika fainali ya Kombe la Dunia la klabu ikafungwa na Inter Milan. Saint-Éloi Lupopo, timu ya manjano na bluu, ina mashabiki walio waaminifu kwa namna inayonigusa mimi mwenyewe kila mara ninapowaona wakitembea kwa miguu kurudi kutoka uwanjani. Mtanzania ana ufunguo mkononi: Mbwana Samatta aliichezea Mazembe kuanzia 2011 hadi mwanzoni mwa 2016, akawa sehemu ya kikosi kilichotwaa ubingwa wa 2015, na Thomas Ulimwengu naye alikuwa hapo. Taja majina hayo na utasimuliwa mabao kwa nusu saa. Usitangaze timu yako wiki ya kwanza. Sema unataka kuuona mchezo wa timu zote mbili kwanza, na jibu hilo litakupatia mialiko miwili badala ya mmoja. Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba mwenyekiti wa Mazembe, Moïse Katumbi, alikuwa gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015 na aligombea urais mwaka 2023, kwa hiyo mazungumzo ya timu huteleza haraka kuingia siasa. Yakiteleza, wewe rudi kwenye mabao.

Anayependa gitaa ana bahati zaidi kuliko anavyojua. Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke, mmoja wa wapigaji gitaa waliosikika mno Afrika nzima katika miaka ya 1950, alikuwa mtu wa Katanga aliyeimba kwa Kiswahili, na mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alirekodi muziki wake. Edouard Masengo naye alikuwa wa kizazi hicho, na wote wawili walisikilizwa sana Nairobi. Mkenya mwenye umri mkubwa anaweza kumwambia mzee wa Kamalondo kwamba babake alikuwa na sahani zao za santuri, na hapo hatahitaji kujitambulisha tena. Kwa kijana, njia ya kwaya na bendi za makanisa ndiyo iliyo wazi zaidi. Ujue tu kwamba kwaya za hapa hudai mahudhurio, na kwamba ukishakubali utaingizwa katika michango ya sare na ya misiba. Uliza mapema ni kiasi gani, si aibu.

Anayependa sanaa za kuchora asiseme tu kwamba anapenda picha. Aulize kuhusu karakana aliyoianzisha Pierre Romain-Desfossés mjini hapa katika miaka ya 1940, ambamo walitokea wachoraji kama Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga. Aulize Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi inafunguliwa lini. Aulize kuhusu maonesho ya sanaa ya kila baada ya miaka miwili yaliyoanza mwaka 2008. Vijana wa sanaa mjini ni wengi na wanapenda mtu anayekuja na swali.

Mapendeleo mawili yanahitaji uangalifu, na ninayataja kwa uzito kwa sababu yanaweza kukuletea shida na vyombo vya dola. La kwanza ni upigaji picha. Majengo ya serikali, askari, uwanja wa ndege, mipaka na migodi havipigwi picha, na hata mtaani mtu mwenye kamera kubwa husimamishwa. Sema kwamba unapenda kupiga picha za watu kwa ruhusa yao, za harusi au za wachezaji, na umtafute mpiga picha mwenyeji wa kutembea naye. La pili ni mawe. Malakiti, yaani jiwe la kijani lenye shaba, ni nzuri, na mtu anayependa miamba hujikuta katika paradiso. Lakini ukisema kwa watu usiowajua kwamba unapenda madini, usiku huo huo watakuja vijana na mifuko, kwa sababu neno hilo huku ni tangazo la kununua. Biashara ya madini ina sheria yake, iliyotungwa mwaka 2002 na kurekebishwa mwaka 2018, na bila leseni huruhusiwi kuigusa. Sema badala yake kwamba unapenda vitu vilivyochongwa kwa malakiti, na ununue kwa mafundi wa dukani wanaotoa risiti.

Chakula hakihitaji maelezo marefu. Ukipenda kupika, mwombe jirani akufundishe kusonga bukari na kupika sombe, nawe umpikie pilau. Kama huli kitu fulani kwa ajili ya dini au afya, litaje siku hiyo hiyo ya kwanza, kabla sahani haijafika. Vinkubala, yaani viwavi vilivyokaushwa, ni chakula cha heshima hapa na kuvikataa vikiwa mezani huumiza.

Hatua ya saba: unapotakiwa kusimama mbele ya watu

Kanisani, katika makanisa mengi, wageni huombwa wasimame na kujitaja mbele ya waumini wote. Andaa sentensi nne na usizidishe: salamu za kanisa la kwenu, jina, unakotoka na komini unayokaa, na jambo moja unalotaka kushiriki. Mwislamu atafanya hivyo hivyo baada ya sala kwa kumwendea imamu kwanza, kabla ya kuzungumza na wengine.

Kazini, mkuu wako ndiye atakayekutambulisha, na kwa Kifaransa. Mpe siku moja kabla karatasi yenye jina lako kwa namna unayotaka liitwe, elimu yako na pendeleo moja. Wakuu wengi huvutiwa na maandalizi hayo na husoma kama ulivyoandika.

Msibani ni tofauti. Usijieleze. Keti na watu wa jinsia yako, toa mchango wako kwa anayeandika orodha, umtajie jina na lupango, basi. Watu wanaohudhuria kilio hawasahau nani alikuja, na utambulisho huo usio na maneno ndio unaoenda mbali zaidi kuliko yote niliyotaja.

Hatua ya nane: fuatilia ulichoomba

Ukishauliza siku ya mazoezi na ukatajiwa, umeshatoa ahadi. Andika siku, mahali na saa. Lubumbashi iko nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa moja, basi hakikisha simu yako imebadilika; na kwa kuwa wengine mjini hutaja saa kwa hesabu ya Kiswahili na wengine kwa hesabu ya Kifaransa, ukiambiwa «saa tatu» uliza kama ni asubuhi au mchana, kisha irudie kwa Kifaransa ili msikosane.

Fika mwenyewe mara ya kwanza hata kama mvua inanyesha, na kuanzia Novemba hadi Machi hunyesha kweli kweli. Mtafute yule aliyekualika kabla ya kuongea na mtu mwingine, umwachie yeye akutambulishe kwa wenzake, kwa sababu maneno atakayoyasema juu yako yatakuwa na uzito kuliko yako. Ukishindwa kufika, mpigie simu kabla ya saa yenyewe, si kesho yake, na umtajie siku nyingine utakayokuja.